Jinsi ya kuzitambua vabali za Kiingereza na kuzitumia bila kuyumba

Sentensi moja ya Kiingereza inaweza kuwa na maneno sita yenye sura ya kitenzi, na kati yake likawa moja tu linalofanya kazi ya kitenzi. Hayo mengine ndiyo vabali. Yamezaliwa na vitenzi lakini yamehamia kazi nyingine: hili limekuwa nomino, lile kivumishi, lile kielezi. Yako makundi matatu: jerandi, patisipo na infinitivu.

Mtu anayezungumza Kiswahili kutwa, awe Nakuru, Kisumu au Kakamega, huwa hakwami kwenye maana. Hukwama kwenye kuchagua umbo, kwa kuwa Kiswahili kinampa ku- moja inayomtosheleza kila mahali: kusoma kunafaa, nataka kusoma, nimechoka kusoma. Kiingereza kinaigawa kazi hiyo: "Reading is useful", "I want to read", "I am tired of reading". Hakuna kiambishi kinachokuonya kwamba umefika njia panda. Kwa hiyo hapa hatutakaa sana kwenye ufafanuzi. Sehemu kubwa ya kazi ni kujua lini uweke "to" na lini uweke "-ing".

Kwanza, kitafute kitenzi chenye wakati

Chukua sentensi hii:

"Having closed her stall at Kibuye, the woman walks home to cook the dried fish remaining in her basket, without waiting for a matatu."

Maneno yenye sura ya kitenzi ni "having closed" (yahesabu kama moja), "walks", "to cook", "dried", "remaining" na "waiting". Sasa ihamishe sentensi nzima iwe ya jana. Ni neno gani limebadilika? "Walks" limekuwa "walked", basi. Mengine hayakutikisika. Kisha mfanye yule mwanamke awe wanawake wengi: "the women walk". Tena ni neno lilelile lililobadilika. ("Her" nayo itakuwa "their", lakini hicho ni kiwakilishi, si kitenzi.) Neno linalotikisika ukibadilisha wakati au idadi ya watendaji ndilo kitenzi cha sentensi. Yanayobaki palepale ni vabali.

Jaribio hili lina mtego mmoja. Ukiona "-ing" imetanguliwa na "is", "are", "was" au "were", kama katika "The woman is waiting for a matatu", mara nyingi hiyo "waiting" ni sehemu ya kitenzi, maana "is" ndiyo inayobeba wakati na hizo mbili zinakwenda pamoja. Lakini katika "Her work is selling fish", "selling" ni jerandi: kazi yake ni kuuza samaki. Zigeuze upande. "Selling fish is her work" inakubali, ilhali "Waiting for a matatu is the woman" ni upuuzi.

Hapa ndipo linapoingia kosa linaloharibu barua nyingi za kuomba kazi. Mwombaji anaandika "Being a hardworking and honest person." halafu anaweka nukta. Hiyo si sentensi. "Being" ni vabali, haina wakati, na msomaji anabaki akingoja kitenzi kisichokuja. Weka koma badala ya nukta, kisha umalizie: "Being a hardworking and honest person, I believe I can manage your store." Kila unapoanza kwa "-ing", hakikisha kabla ya nukta kuna kitenzi kimoja kilichobeba wakati.

Pili, uliza neno linafanya kazi gani

Rudi kwa mama wa Kibuye. "Without waiting for a matatu": ondoa "waiting for a matatu" uweke "it". "Without it" inasimama, kwa hiyo "waiting" ni jerandi, kitenzi kilichogeuka nomino. "The fish remaining in her basket": hapa "it" haikai. Neno linajibu swali la samaki gani? Wale waliobaki kikapuni. Hiyo ni patisipo, kivumishi. "Dried fish" nayo ni patisipo, ila ya umbo la tatu: dry, dried, dried. "To cook" ina "to" na kitenzi kisicho na kiambishi chochote. Ni infinitivu, na inaeleza anakwenda nyumbani kufanya nini. "Having closed" ni patisipo ya jambo lililokwisha kabla ya lile kuu.

Ukiweza kuichambua sentensi moja hivi bila kubahatisha, nusu ya kazi imekwisha.

Jerandi: mahali pake pa lazima

Baada ya kihusishi, kitenzi huja na "-ing". Kanuni hii haina huruma: "interested in learning", "tired of waiting", "before leaving", "by working hard", "instead of quarrelling". Wanaoandika "He succeeded to pass" au "She insisted to go" wamesahau kwamba "succeed" hudai "in" na "insist" hudai "on", na kihusishi kikishaingia, "-ing" inafuata: "succeeded in passing", "insisted on going". "Prevent" hutembea na "from": "The fence prevents the goats from entering the shamba."

Tatizo kubwa ni "to". Katika Kiingereza kuna "to" mbili. Moja ni alama ya infinitivu, nyingine ni kihusishi cha kawaida. Ile ya pili hudai "-ing", na ndiyo inayowapotosha hata watu wa ofisini: "I look forward to hear from you". Kuzitenganisha, weka "it" baada ya "to". "I look forward to it" inakubalika, basi andika "to hearing". "I want to it" haikubaliki, basi andika "to hear". Misemo ya kukariri yenye "to" ya kihusishi ni "look forward to", "object to", "be committed to", "in addition to" na "be used to".

Huu wa mwisho una ndugu anayefanana naye. "I am used to waking up early" maana yake nimezoea kuamka mapema. "I used to wake up early" maana yake zamani nilikuwa nikiamka mapema, siku hizi siamki. Ukiandika "I am used to wake up early" umechanganya wawili hao na hujasema lolote kati ya hayo.

Jerandi ikiwa kiima, huhesabiwa kuwa kitu kimoja hata kama baada yake kuna bidhaa kumi. "Selling tomatoes, onions and cabbages brings in some money." Masikio yanavutwa na "cabbages" yakataka "bring", lakini kinacholeta pesa ni "selling", na "selling" ni moja. Huko ni kuuza, si kabichi.

Halafu kuna suala la mtendaji wa jerandi. "I don't like his coming late" ndiyo Kiingereza rasmi. "I don't like him coming late" ndicho watu wanachosema. Zote zinaeleweka. Kwenye mtihani na barua rasmi tumia "his", na mwingine akikosoa "him" kwenye mazungumzo ya kawaida, anatafuta ugomvi bure.

Vitenzi vinavyochagua

Kuna vitenzi ambavyo hukubali jerandi tu: avoid, enjoy, finish, admit, deny, suggest, consider, postpone, risk, keep, give up. Vingine hukubali infinitivu tu: want, hope, decide, agree, refuse, promise, manage, afford, offer, pretend. Hakuna kanuni kavu ya kuvitenga, ila kuna mwelekeo unaosaidia kukumbuka: infinitivu hutazama mbele, kwa jambo ambalo bado halijafanyika (natumaini, naahidi, nakataa), na jerandi hushika jambo ambalo tayari liko au limekwisha (nafurahia, nimemaliza, nakiri). "Avoid", "suggest" na "consider" huvunja mwelekeo huu, kwa hiyo hizo zikariri tu.

"Suggest" inastahili onyo lake. "He suggested me to go to Eldoret" ni kosa tunalolisikia kila siku, kwa sababu Kiswahili kinaruhusu "alinipendekezea niende". Sema "He suggested going to Eldoret" au "He suggested that I go to Eldoret".

Kisha kuna vile vinavyokubali zote mbili, na maana ikabadilika kabisa. Hapa usipite haraka.

"The boda boda rider stopped to drink tea": alisimama ili anywe chai. "The boda boda rider stopped drinking tea": aliacha chai, pengine kwa amri ya daktari. "Remember to lock the shop" ni maagizo, duka bado halijafungwa. "I remember locking the shop" ni ushahidi, nakumbuka nilifunga. "Forget" hufuata njia hiyohiyo. "Try to push the car" ni kujitahidi, gari ni zito. "Try pushing the car" ni ushauri, lisukume uone kama litawaka. "We regret to inform you" ndiyo lugha ya barua za kukataliwa kazi, habari mbaya inakuja sasa. "We regret informing you" ingekuwa na maana kwamba ofisi inajuta kwa kukuambia. "Start", "begin" na "continue" hazina mambo, chagua unayotaka.

Infinitivu: lini "to" inaanguka

Baada ya "make" na "let", "to" huondoka: "The onion made her cry", "Let him go". Hili ndilo kosa sugu kuliko yote, "made her to cry", na linasikika hata redioni. Vitenzi vya kuona na kusikia pia huifukuza: "I saw him cross the road". Ukisema "I saw him crossing", umemwona akiwa katikati ya barabara. Ukisema "cross", umemwona tangu mwanzo hadi upande wa pili. "Help" hukubali zote: "help me carry" au "help me to carry".

Lakini sentensi ya "make" ikigeuzwa kuwa ya kutendwa, "to" hurudi: "She was made to wait for three hours." Wanafunzi waliojifunza kufuta "to" huifuta na hapa, wakapoteza alama kwa bidii yao wenyewe.

Kueleza nia, tumia "to" peke yake. "She went to Kondele to buy omena", wala si "for buying omena". "For" pamoja na "-ing" ni ya kueleza kazi ya kifaa: "This net is for catching omena." Ukikanusha, "not" hutangulia: "He promised not to be late." Na kuhusu kuweka neno kati ya "to" na kitenzi, kama "to fully understand", si kosa, ingawa wapo wasahihishaji wasiolipenda. Ukiwa na wasiwasi, ulihamishe neno hilo.

Patisipo, na neno linaloning'inia

Anza na jozi zinazochekesha: boring na bored, interesting na interested, confusing na confused. Chanzo cha hisia huchukua "-ing", anayeipata huchukua "-ed". Somo ni "boring", mwanafunzi ni "bored". Mwalimu akiingia darasani akasema "I am boring", wanafunzi watakubaliana naye. Tangazo la kazi huomba "interested candidates", yaani wanaoitaka kazi. "Interesting candidates" ni wale wenye vituko.

Umbo la tatu lazima liwe sahihi baada ya "having". Sikio la mtaani husema "having ate", "having went", "having wrote". Ni "having eaten", "having gone", "having written". Vingine vinavyosumbua ni begin, began, begun. Drink, drank, drunk. Choose, chose, chosen. Ukikanusha, tena "not" hukaa mbele: "Not having paid the fare, he hid at the back."

Sasa jambo lenye uzito. Kwa Kiswahili unasema "Tukitembea Oginga Odinga Street, mvua ilianza kunyesha", na sentensi ni safi kabisa. Ni safi kwa sababu tu- iliyo mbele ya -ki- imeshamtaja anayetembea. Mvua ina kiambishi chake, sisi tuna chetu, hatugombani. Ukiihamisha kwenda Kiingereza neno kwa neno unapata "Walking along Oginga Odinga Street, the rain started." "Walking" haina tu-. Haina mtendaji wake kabisa, kwa hiyo inamwazima yule aliye karibu, kiima cha sentensi kuu, na kiima hicho ni mvua. Umeandika kwamba mvua ilikuwa ikitembea mjini Kisumu.

Tiba ni mbili. Ama umpe kishazi kikuu mtendaji anayestahili: "Walking along Oginga Odinga Street, we were caught in the rain." Ama uachane na patisipo urudishe kitenzi chenye wakati: "As we were walking along Oginga Odinga Street, the rain started." Ya pili ni salama zaidi, na katika insha hakuna anayekunyima alama kwa kuichagua. Kila ukianza sentensi kwa "-ing", "-ed" au "having", jiulize nani anatenda, kisha angalia kama neno la kwanza baada ya koma ni yeye. "Having burst its banks, the Nzoia flooded farms in Budalangi": aliyevunja kingo ni Nzoia, na Nzoia ndiyo iliyo baada ya koma. "Introduced into Lake Victoria in the 1950s, the Nile perch changed the fishing trade": aliyeletwa ni mbuta, na mbuta yuko mahali pake.

Swali la "Begin: Having..."

Katika karatasi ya pili ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, sehemu ya sarufi ina alama 15, na kuandika upya sentensi kwa kufuata maagizo ni sehemu ya kawaida ya swali hilo. Ukipewa "The railway reached the lake in 1901. It turned Kisumu into a port", fanya hivi. Hakikisha kwanza mtendaji ni mmoja. Hapa ni reli. Tambua tukio lililotangulia, ulipe "having" na umbo la tatu: "Having reached". Futa kiima chake. Weka koma. Kisha anza kishazi kikuu kwa jina lenyewe, si kwa "it", maana jina ulishalifuta mwanzoni: "Having reached the lake in 1901, the railway turned Kisumu into a port." Wengi huandika "it" hapo na msomaji hajui ni nini kilichofika ziwani.

Tukio la kwanza likiwa la kutendwa, ongeza "been": "The bridge was damaged by floods. It was closed" inakuwa "Having been damaged by floods, the bridge was closed." Watendaji wakiwa wawili tofauti, kila mmoja abaki na jina lake: "The rain having stopped, the fishermen pushed their boat into the lake." Usilifute "the rain", la sivyo wavuvi ndio watakaokuwa wameacha kunyesha.

Koma na tahajia

Kirai cha patisipo mwanzoni mwa sentensi hufuatwa na koma. Jerandi iliyo kiima haifuatwi nayo: "Walking round Menengai Crater takes hours" haina koma, "Walking round Menengai Crater, we saw steam" inayo. Katikati ya sentensi, koma hubadilisha maana: "Farmers growing potatoes in Molo lost their crop" ni wale wa viazi tu, ukizungushia koma mbili, umesema wakulima wote unaowazungumzia hulima viazi Molo.

Tahajia: "writing" ina t moja, "stopping" ina p mbili, "beginning" ina n mbili kabla ya "-ing", na "lie", "die", "tie" huwa "lying", "dying", "tying". "Dinning hall" iliyoandikwa kwenye mbao za shule nyingi inapaswa kuwa "dining".

Jipime

Sahihisha, kisha linganisha na majibu yaliyo chini.

1. I look forward to be invited for an interview.
2. The conductor made us to alight at Kondele.
3. Having ate lunch, the meeting resumed.
4. Growing carrots and potatoes need plenty of manure.
5. She travelled to Nakuru for buying a spare part.
6. The tourists stopped to photograph the flamingos.

Majibu. Ya kwanza ni "to being invited", kwa kuwa "to" hiyo ni kihusishi. Ya pili ni "made us alight". Ya tatu ina makosa mawili, umbo la kitenzi na mkutano uliokula chakula cha mchana: "Having eaten lunch, the members resumed the meeting." Ya nne ni "needs". Ya tano ni "to buy". Ya sita haina kosa ikiwa watalii walisimama ili wawapige picha flamingo. Ikiwa ulitaka kusema kwamba waliacha kupiga picha, labda betri ziliisha, andika "stopped photographing".